Sura ya Saba: Dhahiri na Batini ya Gari la Kasi

Kisiwa cha Unguja, tangu Nungwi iliyo ncha ya kaskazini hata Makunduchi iliyo upande wa kusini, kina urefu wa kilomita zipatazo 85. Na gari la aina ya Datsun 240Z, ambalo lilipotokea duniani mwaka 1969 lilisifiwa kuwa laweza kwenda mwendo unaokaribia kilomita 200 kwa saa, lingeweza, lau pangekuwapo barabara moja iliyonyooka isiyo na mtoto, ng'ombe, baiskeli wala kizuizi cha askari, kukimaliza kisiwa chote kabla nusu ya saa haijatimia, kisha likajikuta ukingoni mwa bahari halina tena pa kwenda. Barabara hiyo haipo. Ya kusini hupita Bungi, chini ya miembe mikongwe ambayo watu huinasibisha na Bi Khole binti Sayyid Said; ya kaskazini hushika Mtoni, Bububu na Mahonda, katikati ya skuli, misikiti na magenge ya matunda. Mji Mkongwe wenyewe ndio kabisa, kwani vichochoro vyake vilipimwa kwa miguu ya watu na punda, na mwenye gari hana budi kuliacha Malindi, Mizingani au Shangani, akaingia ndani kwa miguu au kwa vespa.

Kwa hesabu hiyo mtu angetazamia kwamba mahali kama hapa gari la kasi lisiwe na maashiki. Wapo, tena si haba, na mapenzi yao yana tabia moja ambayo waandishi wa magari wa ng'ambo, ambao aghalabu hulisifu gari kwa jinsi linavyokwenda, hawaijui sawasawa: huku kwetu gari la kasi huhusudiwa likiwa limesimama.

Mtazame anavyopokewa mtu mwenye gari la namna hiyo lililorejeshwa katika hali yake ya awali, mathalan Datsun, Ford Escort au Toyota Celica ya miaka ya 1970, anapolisimamisha alasiri kandokando ya uwanja wa Maisara, wakati jua limekwisha kulegea na watu wametoka kupunga upepo. Vijana ndio wanaotangulia, nao huuliza suali moja tu, linakwenda ngapi, wakapiga picha kwa simu zao, wakashika njia. Wanaobaki ni wengine. Ni watu wazima, baadhi yao waliopata kuwa madereva wa serikali au mafundi wa gereji za Ng'ambo, ambao mwendo hauwashughulishi hata kidogo. Hulizunguka gari mara moja bila ya kusema neno, mikono wameifunga nyuma. Kisha mmoja hupitisha kidole ukingoni mwa mlango, upande wa chini, pale maji ya mvua yanapojikusanya, akakitazama kidole chake kwa makini.

"Yakhe, chini kukoje?"

"Iname utizame, mzee wangu. Sikufichi kitu."

Naye mzee, kanzu ameikunja magotini, huinama kweli, akachungulia sakafu ya gari kutoka chini, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akisikiliza mlio. Chuma kizima hulia. Chuma kilichojazwa pati hunyamaza. Hapo ndipo inapokatwa hukumu, kabla injini haijawashwa na kabla rangi haijasifiwa, wala hakuna mwenye gari mwenye akili aliyepata kuchukizwa na uchunguzi huo, kwa sababu yeye na fundi wake wametumia miezi mingi, pengine miaka, katika sehemu zile zile ambazo mpita njia hazioni, na mtu wa kwanza anayeinama kuzitazama ndiye wa kwanza kuwapa ujira wao.

Wahenga walikwisha kusema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na gari linaweza kuwa mkakasi kwa wepesi usiokuwa na kifani. Rangi mpya hupigwa kwa siku mbili. Viti hushonwa kwa wiki moja. Kromu ya bampa hung'arishwa hata ikamwonyesha mtu sura yake. Yote hayo ni dhahiri, na dhahiri hununulika. Batini hainunuliki kwa urahisi huo.

Adui mkubwa wa chuma katika kisiwa ni hewa yenyewe tunayoivuta. Upepo wa kaskazi na wa kusi, kila mmoja katika majira yake, huchukua chembe za chumvi kutoka baharini na kuzitia kila mahali penye upenyo. Chumvi nayo ina tabia ya kuvuta unyevu na kuushika, na unyevu wenye chumvi hupitisha kwa wepesi ule mkondo mdogo wa umeme ambao ndio sababu ya chuma kuliwa na kutu. Kutu haianzi usoni pa gari. Huanza ndani, katika mikunjo na mianya iliyofungwa: ndani ya kizingiti cha mlango, chini ya zulia la miguuni, chini ya sahani ya betri, katika shimo la tairi la akiba, nyuma ya fenda ambapo matope hujishika na kubaki na majimaji hata wakati wa kiangazi. Siku malengelenge ya kwanza yanapotokea juu ya rangi, chuma kilichoko nyuma yake kimekwisha kwisha, na lile lengelenge ni taarifa ya msiba uliopita.

Fundi wa bodi anayeijua kazi yake, akipewa gari la hali hiyo, huanza kwa kulivunja, na mtu asiyezoea, akiingia gereji katika siku hizo, atadhani kuwa gari limeletwa kuuzwa chuma chakavu. Vioo hutolewa, milango huning'inizwa, viti, dashibodi na nyaya hufunguliwa, injini na giaboksi hunyanyuliwa kwa mnyororo. Na kila parafujo hutiwa katika kopo lake, kopo likaandikwa, kwa kuwa fundi hodari anajua kwamba baada ya mwaka mmoja hatakumbuka ni ipi ilikuwa ya bawaba na ipi ya taa. Kisha huja tindo, tupa na jiwe la kukatia. Hukata mpaka afike kwenye chuma kizima, na hapa ndipo penye mtihani wa insafu yake, kwani daima kuna kishawishi cha kusimama inchi mbili kabla ya hapo, juu ya chuma kinachoonekana kizima lakini kimekwisha kuonjwa na kutu, na hakuna atakayejua ila yeye, mpaka miaka mitatu ipite. Kiraka hufanywa kwa bati jipya la unene ule ule, kikapigwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga hata kikafuata umbo, kikachomelewa kwa moto mdogo ili bati lisipinde, kikapigwa msasa. Ndani ya mianya hunyunyizwa mafuta mazito au nta kabla ya kufungwa. Pati hutumika, ndiyo, lakini kwa unene wa ukucha, kusawazisha alama za nyundo. Fundi anayeipaka pati kwa unene wa kidole ameficha kaburi.

Wenye kuijua historia ya majumba yetu watakuwa wamekwisha kutambua ninakoelekea. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa, na chokaa, iliyo laini kuliko saruji, huuachia unyevu njia ya kutokea. Kwa miaka mingi wenye nyumba, kwa nia njema na kwa pesa walizonazo, walizitengeneza kuta hizo kwa saruji, ambayo ni ngumu, haipumui, na kwa mwaka wa kwanza hupendeza sana. Nyuma yake maji na chumvi hufungika, mawe yakaoza taratibu, na siku saruji inapobambuka huondoka na uso wa ukuta. Mafundi wa hifadhi wamekuwa wakilihubiri jambo hilo tangu kabla Mji Mkongwe haujaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Saruji juu ya matumbawe na pati juu ya kutu ni dhambi moja. Nasadiki kwamba mzee anayegonga sakafu ya Datsun pale Maisara ana sikio lile lile ambalo baba yake alilitumia kugonga ukuta alipotaka kupanga nyumba, na ndiyo sababu ya ustahimilivu wake na ya ukali wa hukumu yake.

Baada ya bodi ndipo ije injini, na hapo watazamaji hugeuka kuwa wasikilizaji. Injini ya 240Z ina silinda sita katika safu moja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, na hulishwa na kabureta mbili. Na kabureta mbili ni wake wenza, sharti zipewe haki sawa, kwani moja ikivuta hewa zaidi ya mwenziwe gari hutetemeka likiwa limesimama na hukohoa likiondoka. Vipo vyombo vya kupimia uvutaji huo. Fundi wa zamani hutumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja huitia katika mdomo wa kabureta ya kwanza, ncha ya pili sikioni mwake, akasikiliza mvumo, kisha huhamia ya pili, akageuza parafujo kidogo, akarudi ya kwanza, na kuendelea hivyo hata mivumo miwili iwe mmoja. Nani atapinga kuwa hiyo ni elimu? Majilisi yote huwa kimya wakati huo, na yule kijana aliyeuliza linakwenda ngapi, kama bado yupo, huambiwa anyamaze.

Yafaa sasa kueleza kwa nini magari haya na si mengine. Taadhima waliyo nayo watu wa Afrika ya Mashariki kwa Datsun, Peugeot, Escort na Volvo za zamani haikuletwa na matangazo ya biashara. Ililetwa na Safari, yale mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla ya kubaki ndani ya Kenya peke yake katika miaka ya 1970. Njia yake ilikuwa na maelfu ya kilomita za vumbi na, mvua za masika zikiwahi, za tope linalomeza ekseli. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarejea saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakarejea saba vilevile. Mashindano hayakupata kuvuka mkondo wa bahari kuja Unguja, wala hayangeweza, walakini redio ilivuka, na nyakati za Pasaka jina la dereva na jina la gari yalitajwa pamoja barazani hata yakawa jina moja.

Katika majina hayo la Joginder Singh ndilo lenye maana kubwa zaidi kwa maudhui ya sura hii. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akalelewa katika kazi ya gereji, na kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa fundi. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya: lilikuwa limeletwa na kiwanda kwa mashindano ya mwaka uliotangulia, likashindwa, likaachwa Afrika. Ndugu hao wawili walilinunua kuukuu, wakalitengeneza upya kwa mikono yao, wakawashinda wote waliokuja na magari mapya, na aliyewafuatia alifika dakika 100 nyuma yao. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, kwa Mitsubishi Lancer, na watu wakampa jina la Simba. Mimi naona ushindi wa 1965 kuwa ndio wenye thamani zaidi, na nadhani kila fundi wa bodi aliyepata kudharauliwa kwa kuhangaika na gari bovu ataniunga mkono.

Kisha zikaja Datsun. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda kwa 240Z, nyuma yao akiwa Shekhar Mehta kwa 240Z nyingine, na wa tatu akiwa Bert Shankland kwa Peugeot 504. Huyu Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam na alikwisha kushinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na mwaka 1967, kwa Peugeot 404. Mehta, kijana wa Uganda ambaye aila yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, alirudi mwaka 1973 na 240Z akashinda kwa kanuni ya kuamulia sare, baada ya yeye na Harry Källström kumaliza na adhabu zilizolingana. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Gari jekundu la Herrmann la mwaka 1971, lenye bonneti nyeusi na namba 11 mlangoni, lilirudishwa Japani na likakaa huko zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wenyewe, kwa kujitolea, walilifungua na kulirejesha hata likaweza kwenda tena, nalo limo katika hazina ya magari ya kampuni hiyo huko Zama.

Hapa ndipo pazukapo mgogoro mkubwa baina ya maashiki, na sioni haya kuueleza kwa urefu, kwa kuwa umekwisha kuvunja urafiki wa watu ninaowaheshimu. Gari lililopata kushindana lina makovu. Lina bonde ubavuni lililofanywa na jiwe, kioo kilichopasuka kikafungwa kwa gundi, tundu la taa ya ziada lililotobolewa kwa haraka usiku na mtu mwenye usingizi. Je, anayelirejesha ayaondoe?

Upande mmoja husema ndiyo. Gari, kwa madhehebu yao, lilikuwa na siku moja ya ukamilifu, siku lilipotoka kiwandani, na muradi wa kazi yote ni kuirudisha siku hiyo: rangi ya namba ile ile, kitambaa cha kufumwa kile kile, hata alama ya chaki iliyowekwa na mkaguzi wa kiwanda chini ya bonneti. Bonde ni bonde, na fundi anayeliacha ni mvivu. Upande wa pili hujibu kwamba siku ile ya kiwandani gari lilikuwa sawa na maelfu ya ndugu zake, halina jina. Jina lilikuja pamoja na bonde, na mwenye kulinyoosha bonde amelifuta jina kwa nyundo. Niliwahi kuwasikia wawili wakibishana juu ya jambo hili barazani tangu kahawa ya kwanza hata muuzaji akakunja vikombe vyake, na aliyeshindwa, kwa kadiri nilivyoona, alikuwa muuzaji.

Rai yangu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuijua, ni kwamba kutu haina heshima na iondolewe popote ilipo, bali kovu liulizwe nasaba yake. Likiwa limetokana na kazi ya gari, libaki. Likiwa limetokana na mlango wa gereji, linyooshwe. Lakini lipo kundi la tatu ambalo pande zote mbili hulichukia kwa umoja usio wa kawaida, nalo ni la wale wanaochukua gari la kawaida, lililotumika maisha yake yote kumpeleka karani kazini, wakalibandika namba mlangoni, wakalifunga taa nne mbele, wakalipaka vumbi la bandia, na kulitangaza kuwa ni gari la Safari. Namba ya chesisi huwaumbua, kwani imegongwa katika chuma, na majina na namba za magari yaliyoshindana yameandikwa katika kumbukumbu. Ndiyo sababu wazee, wakiisha kuchungulia chini, huomba bonneti ifunguliwe na kuisoma namba hiyo kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu.

Watu wa Unguja walikuwa na mfano wao wa gari lenye nasaba. Katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, wakati lilipokuwa makumbusho, liliwekwa gari la Ford Zephyr la enzi za Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, na wageni walilipita haraka wakielekea kwenye mtepe. Maashiki hawakulipita. Zephyr, kwa macho ya leo, ni gari la kizee lenye heshima. Lakini jina hilo lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1953 na Safari ya mwaka 1955, alipoliendesha Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha, na katika siku zake mtu hakuhitaji kuelezwa kuwa lina nguvu. Sehemu kubwa ya jumba lenyewe iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo mazungumzo juu ya namna ya kurejesha kitu cha kale yamekuwa na uzito mwingine kabisa katika mji huu.

Liko pia gari linalopendwa kwa ajili ya mtu tu. Mwaka 2022 iliuzwa mnadani London Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1974 iliyokuwa ya Freddie Mercury, mzaliwa wa mji wetu, ambaye inasemekana hakupata kuwa na leseni ya udereva maishani mwake. Sina ugomvi na walionunua. Lakini thamani ya namna hiyo haimhusu fundi, na mzee wa Maisara angeinama kulichungulia chini kama lingine lolote.

Wenzetu wa Nairobi wameifanya hukumu hii kuwa na utaratibu. Tangu mwaka 1970 chama cha wenye magari ya Alfa Romeo huandaa maonyesho yanayoitwa Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na waamuzi hutoa alama kwa rangi, viti, injini, buti na hali ya gari kwa jumla; mshindani huja na mswaki wa meno na vijiti vya pamba, akasafisha mwanya wa parafujo hata dakika ya mwisho. Na tangu mwaka 2003, kwa kuadhimisha miaka hamsini ya Safari, yapo mashindano ya magari ya zamani, ambayo huyarudisha yale yaliyorejeshwa katika vumbi na mawe yaliyoyaharibu mara ya kwanza. Björn Waldegård aliyashinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, umri wake ukiwa miaka 68. Wapenzi wa Unguja, wakiulizwa ni ipi kati ya shughuli hizo mbili inayowavutia, hujibu kwa namna iliyonishangaza: huipenda ya pili, lakini hulitaka gari lihukumiwe kwa kanuni za ile ya kwanza, tena baada ya kurejea, kabla halijaoshwa.

Magari ya kurejeshwa hayatakwisha, maana kila muongo huzeesha yake. Zile Subaru Impreza zilizoshushwa kwa wingi katika pwani hii kutoka Japani zikiwa mitumba, zilipata sifa zao katika Safari ile ile: Patrick Njiru wa Kenya alikuwa wa nne kwa Impreza mwaka 1994, Kenneth Eriksson akawa wa pili mwaka 1996, Colin McRae akashinda mwaka 1997, na vijana walioziona katika televisheni sasa wana mvi na wana pesa kidogo. Za mwanzo zimekwisha kupita miaka thelathini. Bodi zake zinaliwa na chumvi kama zilivyoliwa za baba zao, na kwa hilo tindo na nyundo zinatosha. Lakini injini yake, yenye silinda nne zilizolala ubavu na tabo ya kuzisukumia hewa, haitawaliwi kwa mpira wa maji sikioni. Inatawaliwa na kisanduku cha kompyuta kilichofichwa chini ya dashibodi, ambamo kapasita ndogo huvuja kwa uzee na kula njia za shaba zilizo chini yake, na nyaya zake katika hewa ya kisiwa huota ukungu wa kijani katika kila kiungo. Gereji zinazozipokea zimebadili mpango wa kazi. Fundi wa bodi, ambaye tangu asili ndiye aliyekuwa wa kwanza kulishika gari, hukaa pembeni na chai yake, akimngoja fundi wa umeme amalize kusoma waya baada ya waya kwa miwani na kipimo, maana hakuna anayetaka kukata chuma na kupaka rangi gari ambalo halijulikani kama litawaka.